Kula kwa pupa usiku: kwa nini rejimu inazidisha tatizo

Mwanamke aliyekula sahani mbili za bugali na sombe kwenye sherehe ya mahari huko Kadutu, hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, akacheka na wenzake, akaenda kulala vizuri, hana ugonjwa wowote. Amekula sana, basi. Anayetuhusu hapa ni mwingine. Tangu asubuhi amekunywa chai ya rangi tu, kwa sababu yuko kwenye rejimu, yaani anajinyima chakula ili apungue. Saa nne za usiku, watoto wakiisha lala, anasimama jikoni peke yake, anakwangua sufuria ya maharage, anamaliza mukate wa kesho asubuhi, anafungua karanga zilizokuwa za kuuza. Anameza bila kutafuna vizuri, na hata tumbo likianza kumuuma mkono hausimami. Baadaye anaosha sufuria haraka ili mtu asijue, na anaapa kwamba kesho hatatia kitu mdomoni mpaka jioni.

Kiapo hicho ndicho kitakachomrudisha jikoni kesho usiku. Watu wengi wa Bukavu, wakiwemo wauguzi, wanaona mambo kwa upande mwingine: mama amekula kupita kiasi, basi dawa ni kujinyima. Ushauri huo unatolewa kwa nia njema na unaumiza watu.

Wataalamu wanaangalia nini

Daktari Albert Stunkard wa Marekani aliieleza tabia hii ya kula kwa pupa mwaka 1959, alipokuwa akitibu watu wanene. Ilipita zaidi ya miaka 50 kabla ya kuhesabiwa kuwa ugonjwa unaojitegemea. DSM-5, mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, iliutambua mwaka 2013, na Shirika la Afya Duniani likauingiza katika orodha yake ya ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022.

Vigezo vya DSM-5 vinaeleweka bila shida. Ndani ya muda mfupi, kama saa mbili, mtu anakula chakula kingi wazi kuliko ambacho wengi wangekula katika hali ileile, na anahisi kwamba hawezi kuacha. Juu ya hayo, yawepo angalau matatu kati ya haya matano: anakula mbio kuliko kawaida yake, anakula mpaka tumbo linamsumbua, anakula kingi bila kuwa na njaa, anajificha kwa aibu, akimaliza anajichukia au anajilaumu. Itokee angalau mara 1 kwa juma kwa miezi 3, na imtese kweli. Mara 1 hadi 3 kwa juma ni hali nyepesi, 4 hadi 7 ni ya wastani, 8 hadi 13 ni kali, na 14 au zaidi ni kali mno.

ICD-11 inatofautiana mahali pamoja penye maana kubwa kwetu: haidai kwamba chakula kiwe kingi. Inatosha kwamba mtu alipoteza uwezo wa kujizuia na akala tofauti kabisa na kawaida yake. Katika nyumba yenye kilo moja tu ya unga, mama anaweza kupoteza uwezo huo juu ya mandazi matatu yaliyowekwa kwa ajili ya watoto. Akienda kusema kwamba ana tatizo la kula kwa pupa atachekwa, kwa kuwa mandazi matatu si kitu. Lakini aibu yake, kujificha kwake na kushindwa kwake kusimamisha mkono ni vilevile.

Anayejitapisha baada ya kula, anayekunywa dawa za kuharisha au anayejipiga bomba la kuosha utumbo kila mara ili "kutoa" chakula, huyo ana ugonjwa mwingine, bulimia. Wake una hatari ya haraka zaidi: kutapika na kuharisha kunapunguza potasiamu mwilini, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo yanavurugika.

Na uzito je? Unapimwa kwa kugawanya kilo kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa mita 1.60 mwenye kilo 84: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 84 gawanya kwa 2.56 ni karibu 33. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene wa kiwango cha ugonjwa. Ukanda wa kiuno nao unasema jambo: kwa mwanamke, kuzidi sentimita 80 kunaongeza hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo, na kuzidi 88 kunaiongeza sana. Ila wanawake wengi wenye uzito mkubwa hawali kwa pupa hata kidogo, na wapo wembamba wanaokula kwa pupa kila juma bila mtu kushuku. Kumtazama mama mwili na kuamua anavyokula ni kubahatisha. Wanaume nao wamo: uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2007 ulikuta kwamba asilimia 3.5 ya wanawake na asilimia 2 ya wanaume wamewahi kuwa na ugonjwa huu maishani.

Njaa ya kujitakia na njaa ya kulazimishwa

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote.

Mwishoni mwa 1944 na katika 1945, kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wa kiume waliojitolea, wenye afya nzuri na akili iliyotulia, akawapunguzia chakula kwa miezi sita mpaka karibu kilokalori 1,570 kwa siku. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Kilichoshangaza zaidi ni mabadiliko ya akili: waliongea chakula, waliota chakula, walisoma vitabu vya mapishi, walilamba sahani. Waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula mpaka tumbo halina nafasi na bado wakasema wana njaa. Hawakuwa wanawake, hawakuwa "wadhaifu", na kabla ya hapo hawakuwa na tatizo lolote la kula. Njaa peke yake ilitosha kuwatengeneza hivyo.

Mwaka 1975 C. Peter Herman na Deborah Mack waliongeza kipande cha pili. Waliwapa wanafunzi kinywaji kizito cha maziwa na sukari, kisha wakawawekea aiskrimu wale watakavyo. Wasiokuwa na desturi ya kujinyima, wakiisha kunywa yale maziwa, walikula aiskrimu kidogo, kama mtu yeyote aliyeshiba. Wale wanaojichunga kila siku walifanya kinyume: waliokunywa maziwa walikula aiskrimu nyingi zaidi. Sheria yao ilikuwa imevunjika, basi hakukuwa na cha kulinda tena. Mama aliyeapa kutokula mukate, akikubali kipande kimoja kwa jirani asubuhi, anajikuta saa kumi jioni amekula mkate mzima: "nimeisha haribu, nitaanza tena Jumatatu."

Kwa hiyo rejimu kali inafanya kazi mbili kwa pamoja. Inaujaza mwili njaa, na inaweka sheria ngumu ambayo kuvunjika kwake kunafungua mlango wote. Tunasisitiza kwa sababu mjini kuna biashara kubwa ya kuahidi wamama kilo 10 kwa mwezi mmoja, na chai nyingi za "kuondoa tumbo" ndani yake mna senna, ambayo ni dawa ya kuharisha. Kinachoondoka ni maji. Mafuta yanabaki, na njaa inarudi na nguvu mpya.

Lakini wengi hawajinyimi kwa kupenda. Mama anayepanga nyanya au sambaza sokoni Kadutu anaondoka nyumbani alfajiri bila kula, anashinda na kikombe cha chai, anapika jioni, na chakula cha kwanza cha maana kinamfikia saa moja au saa mbili za usiku. Wakati huo mwili wake umekwisha kaa saa kumi na mbili bila kitu. Tangu Februari 2025, vita vilipoingia Bukavu na mabenki yakafungwa, nyumba nyingi zilizokuwa zikila mara mbili zilirudi kwenye mara moja. Pesa inakuja kwa kushtukiza, na siku inapokuja watu wanakula kama wanaojua kwamba kesho haina uhakika. Utafiti uliofanywa San Antonio, Texas, kwa watu wanaopokea chakula cha msaada, ukatolewa mwaka 2017, ulionyesha kwamba kadiri uhaba wa chakula nyumbani ulivyokuwa mkubwa ndivyo kula kwa pupa kulivyoongezeka. Wanaodhani ugonjwa huu ni wa matajiri peke yao wamekosea. Kupishana kwa kukosa na kupata kunaufundisha mwili kumeza kila kinachoonekana, leo hii.

Tuseme pia juu ya kufunga kwa ajili ya maombi, kwa heshima yote. Kwa mtu mwenye afya, kufunga siku moja hakuleti ugonjwa huu. Kwa mwanamke anayekula kwa pupa, siku tatu kavu, bila chakula wala maji, mara nyingi zinaishia kwenye usiku mbaya wa nne, na juu yake inaongezeka hatia ya kwamba ameharibu hata maombi. Wachungaji na mapadri wengi wakielezwa kwamba muumini yuko kwenye matibabu wanakubali afunge kitu kingine: simu, vikao vya maneno, nyama au soda. Waislamu wanajua kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga Ramadhani.

Chakula kinachonyamazisha

Njaa haielezi kila kitu. Kuna wanaokula vizuri mchana na bado usiku unawashinda.

Mwaka 1991 Todd Heatherton na Roy Baumeister walitoa maelezo ambayo mpaka leo yanasaidia: kula kwa pupa ni njia ya kukimbia nafsi. Mtu mwenye masharti makali juu yake mwenyewe (mama bora, mke bora, mfanyakazi bora) anajiona kila saa kwamba hafikii, na mawazo hayo yanauma. Wakati wa kula mbio, akili inajifunga kwenye vitu vidogo tu: chumvi, mafuta, kutafuna, kumeza. Kwa dakika chache hakuna deni la likilimba, hakuna maneno ya mama mkwe, hakuna mume asiyepiga simu toka machimboni. Ubongo unajifunza kwamba njia hii inafanya kazi na inafanya kazi upesi. Ndiyo maana kumwambia mtu "acha tu" hakusaidii. Umemwomba aache dawa yake pekee ya maumivu bila kumpa nyingine.

Hisia zinazotangulia si huzuni tu. Hasira iliyomezwa ina nguvu sana, na wamama wetu wamefundishwa kuimeza: mbele ya shemeji, mbele ya bosi, mbele ya askari barabarani. Upweke wa jioni nao, uchovu, na hata ule utupu wa kukaa bila la kufanya. Wengine hawatambui wanachohisi. Wanajua tu kwamba "kuna kitu tumboni", na kitu cha tumboni kwa kawaida kinaitwa njaa. Alama moja inaweza kusaidia, ingawa haikosi makosa: njaa ya mwili inapanda polepole na inakubali chakula chochote, hata kiazi kitamu kilichopoa; msukumo wa moyo unakuja ghafula na unataka kitu fulani, mara nyingi kitamu au chenye mafuta.

Usingizi una mkono wake. Anayelala kwa muda wa saa nne au tano tu, kwa sababu ya milio ya risasi au mtoto mchanga, mwili wake unatoa homoni ya njaa kwa wingi zaidi na ile ya kushiba kidogo zaidi. Siku chache kabla ya hedhi msukumo huongezeka kwa wanawake wengi. Huzuni ya ugonjwa, wasiwasi mkubwa na ile hali ya kutoweza kutulia wala kungoja iliyoanza utotoni huambatana na ugonjwa huu mara nyingi, na zisipotibiwa zinauendeleza.

Mwili unaosemwa na kila mtu

Mwanamke wa Bukavu anahukumiwa na pande mbili. "Umenenepa, mama, mambo ni muzuri!" anaambiwa kwenye misa, kwa sababu unene unaonyesha kwamba bwana anamtunza. Akipungua: "Umekonda sana, uko mugonjwa?" na watu wanaanza kunong'ona juu ya ukimwi. Wakati huohuo simu yake inamwonyesha kila siku viuno vyembamba. Christopher Fairburn, mtaalamu wa Oxford aliyetengeneza tiba ya mazungumzo inayotumika zaidi kwa magonjwa haya, anaweka hapa mzizi wake: mtu anapopima thamani yake yote kwa uzito na umbo, kila badiliko dogo linakuwa hukumu. Anajibu kwa rejimu, rejimu inaleta njaa, njaa inaleta usiku wa kula, kula kunaleta kilo na aibu, na aibu inaleta rejimu nyingine.

Dharau inazidisha. Muuguzi anayempandisha mama kwenye mizani mbele ya foleni na kusema "funga mdomo kidogo, mama" anaamini amemhimiza. Amemfundisha asirudi, na ameongeza maumivu yaleyale anayoyazima kwa chakula.

Kuna jingine, na katika Kivu hatuwezi kulipita. Katika miaka ya 1980, daktari Vincent Felitti aliendesha kliniki ya kupunguza unene San Diego, akashangaa kuona wagonjwa wanaopungua vizuri ndio wanaoacha matibabu. Alipouliza, wengi walikuwa wamenajisiwa wakiwa watoto. Kwa baadhi, mwili mkubwa ulikuwa ukuta: wanaume hawakuwaangalia tena. Maswali hayo yalizaa utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 1998 juu ya mateso ya utotoni na magonjwa ya ukubwani. Si kila anayekula kwa pupa alibakwa, wala si kila aliyebakwa atakula kwa pupa. Lakini ikiwa mama anaogopa anapoanza kupungua, akikosa usingizi na kumbukumbu zikimrudia, kuendelea kumbana kwa kilo ni kumvua kinga kabla hajapata nyingine. Na asilazimishwe kusimulia. Atasema akiona pa kusemea.

Kabla ya kulaumu akili

Uzito una sababu nyingine zinazosahauliwa. Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa mmojammoja mara nyingi huwa ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoamsha hamu ya kula na kuleta usingizi, au deksametasoni, inayojaza uso na tumbo na inayoweza kupandisha sukari na presha. Aliyemeza deksametasoni kwa majuma au miezi asiiache siku moja. Tezi zake zimezoea kupumzika, na kuacha ghafula kunaweza kuleta udhaifu mkubwa, kutapika, presha kushuka na kuzimia. Aende kwa daktari apunguziwe hatua kwa hatua. Sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu huongeza uzito kwa baadhi ya wanawake. Dawa za akili kama olanzapini, na amitriptilini inayotolewa kwa huzuni au maumivu ya kichwa, nazo pia. Zisiachwe kimyakimya: muuguzi anaweza kubadilisha njia ya kupanga uzazi, daktari anaweza kubadilisha dawa.

Kuanza na sahani, mizani baadaye

Hatua ya kwanza inawashangaza wengi: kula zaidi mchana. Mpango ni milo mitatu na vitafunio viwili, bila kupitisha saa nne kavu kati ya kimoja na kingine, uwe na njaa au usiwe nayo. Mfano wa siku: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chai ya maziwa, mukate na nusu avoka au yai; saa nne, ndizi mbivu au konzi ya karanga; saa saba, bugali ya ukubwa wa ngumi mbili, sombe au lenga-lenga, na maharage au sambaza; saa kumi, kiazi kitamu au muhindi wa kuchoma; saa moja jioni, chakula cha nyumbani na watu wa nyumbani, umekaa. Maharage, samaki na mboga visikosekane, kwani bugali peke yake inashibisha upesi na kuacha upesi. Mwenye kisukari anayetumia dawa apange saa hizi pamoja na daktari wake.

Palipo na chungu kimoja tu kwa siku, igawanyeni siku, hata kama chakula hakiongezeki. Sehemu ya jioni iwekwe kwenye chombo chenye mfuniko iende sokoni asubuhi. Kikombe cha uji wa masoso saa moja asubuhi, hata kisicho na maziwa, kinabadilisha saa mbili za usiku kuliko azimio lolote.

Mpango kwa kawaida huvunjika wakati mmoja: asubuhi baada ya usiku mbaya. Mtu bado amejaa, anaona haya, anaruka chai ili "kulipa". Hapo ndipo mzunguko unapoanza upya. Baada ya kula kwa pupa, mlo unaofuata uliopangwa unaliwa kwa saa yake, hata ukiwa mdogo. Kosa la pili ni kutaka kupungua hapohapo. Katika miezi ya kwanza kinachotafutwa ni usiku uliotulia na uzito usiopanda; wanaotafuta kilo na utulivu kwa pamoja kwa kawaida wanapoteza vyote viwili. Mwongozo wa taifa wa Uingereza wa mwaka 2017 unasema waziwazi kwamba wakati wa tiba ya ugonjwa huu mgonjwa ashauriwe asijaribu kupunguza uzito kwa rejimu, kwa sababu inaweza kuamsha kula kwa pupa.

Pamoja na milo, daftari. Mistari mitano inatosha: saa, nini na wapi, njaa kabla ya kula kutoka 0 hadi 10, je, nilishindwa kujizuia, nini kilitokea kabla. Iandikwe palepale, kwa sababu ikingoja usiku kumbukumbu inaficha. Usihesabu kilokalori. Asiyejua kuandika ajirekodi sauti fupi kwenye simu, au achore alama mbili tu, moja ya mlo wa kawaida na moja ya pupa. Daftari likae mahali ambapo wengine hawasomi, vinginevyo litaandikwa uongo. Baada ya majuma mawili linaanza kusema: pupa inakuja siku zisizo na chakula cha saa saba, au kila baada ya simu ya mtu fulani.

Msukumo wenyewe unapanda, unafika kilele na kushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa. Nusu saa hiyo itafutiwe kazi iliyoamuliwa mapema, kwa sababu ukishafika huna akili ya kubuni: kuoga, kutoka jikoni kwenda kukaa na mtu, kumpigia dada, kufua, kusuka. Kazi ya mikono na mtu wa kuongea naye vinashinda kulala kitandani na simu. Jikoni palindwe nyakati za hatari: chakula cha kesho kikae kwa mtu mwingine ndani ya nyumba, na kinachouzwa kihesabiwe na kufungwa kabla ya giza. Lakini usikiharamishe chakula chochote moja kwa moja. Mukate uliokatazwa ndio utakaoliwa mzima. Mukate wa kila asubuhi, vipande viwili, unapoteza nguvu yake.

Mizani mara 1 kwa juma, siku ileile, basi. Maji, chumvi na hedhi vinaweza kusogeza kilo moja au mbili bila mafuta kubadilika, na anayejipima kila asubuhi anaadhibiwa kwa maji.

Wa nyumbani wanasaidia kwa mambo machache. Wasihesabu matonge. Wasifiche chakula kwa kumwaibisha. Wale pamoja naye jioni. Mume anayetaka kusaidia amwulize siku yake ilikuwaje, aache kuuliza alikula nini.

Msaada ulio mjini

Tiba yenye ushahidi mzuri zaidi ni ya mazungumzo. Uingereza wanaanza na kujisaidia kwa kitabu, mtu akisindikizwa kwa vikao 4 hadi 9 vya dakika 20. Ikishindikana, kikundi cha vikao 16 vya dakika 90 kila juma. Karibu nusu ya wanaomaliza tiba ya namna hii huacha kabisa kula kwa pupa. Uzito hushuka kidogo tu, na mtu aambiwe hivyo mapema. Dawa hazitolewi kama tiba ya peke yake. Ile iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2015, lisdeksamfetamini, inachochea moyo na presha na si ya kununua mtaani.

Tiba za mazungumzo hazingoji daktari bingwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2013, uliofanywa vijijini hapa mashariki ya Kongo, ulionyesha kwamba APS, wale wasaidizi wa kisaikolojia wa vituo vyetu, wakifunzwa na kusimamiwa vizuri, walitibu kiwewe na huzuni za wanawake waliobakwa kwa vikao vya kikundi, hata wanawake wasiojua kusoma. Tiba hiyo haikuwa ya kula kwa pupa, lakini pale ambapo kiwewe ndicho kinachofungua sufuria usiku, ni mlango sahihi wa kuingilia. Bukavu kuna SOSAME kwa magonjwa ya akili na hospitali ya Panzi kwa waliotendewa ukatili. Goma kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Tulizo Letu, na Lubumbashi kile cha Joseph Guislain.

Msiende mkiomba dawa ya kupungua. Semeni ni mara ngapi kwa juma mnakula bila kuweza kuacha, tangu lini, na kwamba mnajificha. Chukueni daftari na pakiti za vidonge vyote mnavyomeza, hata vya soko. Ombeni wapime presha na sukari. Anayejitapisha na kuhisi moyo unaruka, anayezimia, mwenye kiu isiyoisha na mkojo mwingi, au anayewaza kujiua, asingoje siku ya kliniki wala asiachwe peke yake. Apelekwe siku hiyohiyo, hata usiku.